Kuipima roketi kubwa ya kutumika tena kabla haijaruka

Mwongozo huu unachukua mfano wa Starship ya SpaceX, kwa sababu majaribio yake huko Starbase, kusini mwa Texas, yamefanyika machoni pa watu, na mengi yaliyoharibika yameshaelezwa. Ni roketi ya chuma cha pua yenye kipenyo cha mita 9. Sehemu ya chini, Super Heavy, ina urefu wa takriban mita 71 na injini 33 za Raptor. Chombo cha juu kina injini 6: tatu zinazofaa kwenye hewa nzito ya karibu na ardhi, tatu za kwenye ombwe. Zote huchoma methani na oksijeni, vyote vikiwa vimiminika, na toleo la kwanza lilibeba jumla ya takriban tani 4,600. Lakini utaratibu tunaoueleza unaifaa roketi yoyote kubwa ya aina hii.

Andika swali kabla ya kufungua vali

Chukua karatasi uigawe safu mbili. Kushoto andika jambo ambalo jaribio litathibitisha, kwa sentensi moja. Kulia andika jambo ambalo jaribio hilo halitathibitisha hata likifaulu. Safu ya kulia ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo inayoangusha roketi.

Tazama mfano huu. Tarehe 9 Februari 2023 Super Heavy iliwashwa ikiwa imebanwa kwenye jukwaa. Injini 31 kati ya 33 ziliwaka, kwa takriban nusu ya msukumo wao wote. Zege lililo chini ya jukwaa lilisalimika, na hesabu zikaonyesha kwamba lingeweza kuvumilia safari moja. Tarehe 20 Aprili roketi iliporuka kwa nguvu kubwa zaidi, zege lilivunjika, vipande vikatapakaa na shimo likachimbika. Jaribio la Februari lilijibu swali la injini vizuri kabisa. Zege halikuwa limeulizwa chochote kuhusu msukumo kamili. Baadaye bamba la chuma linalotoa maji lilijengwa chini ya jukwaa.

Pima chombo cha juu na sehemu ya chini kila kimoja peke yake. Usivipandanishe mpaka kila kimoja kiwe kimemaliza hatua zake, maana kosa dogo la chombo kimoja litaondoka na vyote viwili.

Usafi na uvujaji

Hatua hii haina moto wala moshi, kwa hiyo haipendwi. Mabomba ya oksijeni yasiwe na mafuta, grisi wala chembe za chuma zilizobaki baada ya kusaga na kuchomelea. Chembe ikisukumwa kwa kasi ndani ya oksijeni ikagonga kona ya bomba, inaweza kuwasha bomba lenyewe. Kausha kila kitu. Mvuke wa maji huganda, na hewa ya ukaa huwa theluji kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, mbali sana kabla ya kufikia nyuzi 183 chini ya sifuri ambako oksijeni huwa kimiminika. Theluji hiyo huishia kwenye machujio na vali ndogo.

Safisha mfumo kwa nitrojeni kavu, kisha tia heliamu kwa presha ndogo upite na kifaa cha kunusa heliamu kwenye kila kiungo. Povu la sabuni linatosha kwa uvujaji mkubwa, halitoshi kwa mdogo. Anayeingia ndani ya tangi au sketi ya injini, yaani ukuta unaozizunguka injini, avae kipima oksijeni: ikishuka chini ya asilimia 19.5, anatoka bila kuuliza sababu. Nitrojeni haina harufu wala haikabi koo. Mtu huzimia kabla hajajua kwamba kuna tatizo.

Mitungi ya presha iliyofungwa nyuzi za kaboni ihesabiwe kivyake. Kila mtungi uwe na daftari lake: uligongwa lini, ulibebwaje, ulitiwa presha mara ngapi. Tarehe 18 Juni 2025 chombo namba 36 kililipuka kwenye eneo la majaribio la Massey's kikiwa kinaandaliwa kuwasha injini. Chanzo kilichotajwa ni mtungi wa aina hiyo wenye nitrojeni, uliokuwa puani mwa chombo, uliopasuka ukiwa kwenye presha iliyo chini ya ile uliyowahi kupimwa nayo. Nyuzi za kaboni zikipigwa na bisibisi iliyoanguka, jeraha linaweza lisionekane kwa nje kabisa. Hatua zilizochukuliwa ni zile ambazo fundi yeyote angezianza: kupunguza presha ya kazi, kukagua na kupima zaidi, na kuifunika mitungi isigongwe.

Jaribio la baridi

Hapa ndipo tangi linapojulikana kama ni tangi. Hujazwa nitrojeni kimiminika, iliyo kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sababu haiwaki. Ikimwagika utapoteza chuma, lakini eneo litabaki.

Kwanza fanya hesabu. Tangi lenye nusu kipenyo cha mita 4.5 na ukuta wa takriban milimita 4, likitiwa presha ya bari 6, ukuta wake unavutwa kwa mzingo kwa nguvu ya takriban megapaskali 675. Kwa bari 8.5, kiwango kilicholengwa 2020 ili kupata akiba ya mara 1.4 inayotakiwa kwa roketi ya kubeba watu, mvuto unafika megapaskali 956. Chuma cha pua cha kawaida kwenye joto la karakana kingeanza kutanuka mapema sana. Kikiwa kimepoa kwa nitrojeni huongezeka nguvu maradufu na zaidi. Kwa hiyo usipandishe presha hadi kiwango cha mwisho tangi likiwa na joto. Lijaze, lisubiri lipoe lote, kisha panda ngazi kwa ngazi: simama dakika kadhaa kwenye kila ngazi, soma vihisi vya mkazo, endelea. Sehemu dhaifu huwa ni mishono, hasa pale pete ya ukuta inapokutana na kuba, yaani kifuniko cha mviringo cha tangi, na pale kipande kinachobeba injini kinaposhikana na kuba ya chini. Novemba 2019 chombo cha mwanzo kabisa, Mk1, kilirusha kuba yake ya juu kikiwa kwenye jaribio la presha. Februari 2020 SN1, chombo kingine cha majaribio katika mfululizo wa SN, ikapasuka upande wa chini.

Jambo la pili ni uzito, na wengi huliruka. Mita moja ya ujazo ya nitrojeni kimiminika ina takriban kilo 807. Oksijeni ina 1,140 na methani takriban 420. Maana yake, tangi la oksijeni likijazwa nitrojeni linabeba mzigo pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko siku ya safari, na tangi la methani linabeba karibu mara mbili. Tangi la methani liko juu, la oksijeni liko chini. Ukijaza la juu nitrojeni huku la chini likiwa halina presha ya kutosha, kuta za chini zinakunjika kama kopo. Ndivyo ilivyokuwa kwa SN3 tarehe 3 Aprili 2020: tangi la chini lilipoteza presha, uzito wa juu ukalikunja. Hakukuwa na kasoro kwenye chuma. Mpangilio wa jaribio ndio uliokuwa na kosa.

Kwa hiyo weka sharti kwenye programu ya kujazia: presha ya tangi la chini ikishuka chini ya kiwango fulani, ujazaji wa juu unasimama wenyewe, na njia ya dharura ya kutia gesi inafunguka. Usimwachie mtu anayetazama skrini kumi.

Baada ya tangi kuthibitika lenyewe, ongeza jeki za haidroliki chini yake, zisukume mahali ambapo injini zitakaa, ili kuba ihisi mzigo wa msukumo na baridi kwa pamoja. Presha peke yake haionyeshi nyufa zinazoletwa na msukumo. Na kumbuka kwamba roketi inapopanda, kimiminika nacho kinalemea: kila mita 10 za kina cha oksijeni huongeza takriban bari 1.1 kwenye kuba ya chini roketi ikiwa imesimama tu, na mara mbili ya hapo ikiwa inaongeza kasi kiasi kwamba kila kitu ndani yake kinahisi uzito mara mbili.

Pima pia urefu. Chuma cha pua hunywea kwa karibu asilimia 0.3 kikishuka kutoka joto la kawaida hadi baridi hiyo. Mwili wa mita 70 ukipoa wote unafupika karibu sentimita 20. Mkono wa kujazia uliofungwa barabara wakati wa joto utavuta kiunganishi chake, na uvujaji unaoanzia hapo ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu uko nje, karibu na umeme na cheche. SN4 iliteketea tarehe 29 Mei 2020, muda mfupi baada ya injini yake kuzimwa, katika jaribio la kiunganishi hichohicho.

Safu ya kulia kwa hatua hii: jaribio la baridi halikuambii chochote kuhusu mtikisiko wa safari, wala kuhusu kimiminika kinavyopiga mawimbi ndani ya tangi roketi inapogeuka. Katika safari ya pili, 18 Novemba 2023, Super Heavy ilijigeuza baada ya kuachana na chombo cha juu, ikawasha tena injini, kisha ikalipuka. Chanzo kilichoonekana kuwa cha karibu zaidi ni machujio ya oksijeni yaliyoziba na kuzinyima injini. Hakuna jukwaa la ardhini linaloweza kuiga mgeuko ule.

Injini: moja moja kwanza

Kila Raptor huwashwa peke yake huko McGregor, Texas, kabla ya kusafirishwa. Ikishafungwa kwenye roketi, jaribio la kwanza halina moto: gesi huzungusha pampu, kimiminika hupita, vali hufunguka na kufunga kwa mpangilio, basi. Unasoma muda wa kila vali, kasi ya pampu na joto la kimiminika kinapoingia.

Usidhani kwamba kukosa moto ni kuwa salama. Tarehe 11 Julai 2022 Super Heavy iitwayo Booster 7 ilipitisha methani na oksijeni kupitia injini zake kwa mpigo, na mchanganyiko uliokusanyika chini ya jukwaa ukalipuka kwa kishindo. Baada ya hapo pampu zilizungushwa injini moja moja au chache, na mbinu za kutawanya mkusanyiko huo zikaongezwa. Kanuni za kufuata ni tatu tu:

1. Hesabu kilo za methani zitakazotoka, na zitaenda wapi iwapo upepo umetulia.
2. Mimina nitrojeni au maji chini ya injini kabla gesi haijaanza kutoka, si baada yake.
3. Panga injini kwa makundi madogo. Ukifaulu kundi la tatu huna haja ya kuharakisha la nne.

Kuwasha roketi ikiwa imebanwa

Kwa Raptor ya toleo la pili, kila injini hutoa msukumo wa takriban tani 230. Injini 33 ni karibu tani 7,600, na zote kwa pamoja hula zaidi ya tani 20 za kimiminika kwa sekunde. Kwa hiyo sekunde kumi tu zinameza zaidi ya tani 200. Jaza oksijeni nyingi ili uzito uyasaidie makucha yanayoishika roketi, lakini tia methani ile tu inayotosha jaribio. Mambo yakiharibika, kilichobaki cha kuungua ni kidogo.

Katika matoleo yaliyoruka hadi 2025, injini 20 za mzunguko wa nje hazigeuki shingo na huwashwa kwa gesi kutoka jukwaani. Zile 13 za kati zinageuka, na ndizo zinazowashwa tena angani. Basi injini ya nje isipowaka, kagua jukwaa kabla ya kuilaumu injini: kiunganishi, presha ya gesi ya kuwashia, waya. Injini hazianzi zote katika nukta moja. Hupishana kwa sehemu ndogo ya sekunde ili mshtuko usiupige mwili mara moja. Ukiona zilizopangwa kupishana zimekwenda pamoja, kuna kosa la muda mahali fulani.

Muda wa kuwasha utokane na swali lako. Sekunde chache zinatosha kujua kama injini zinawaka na kutulia. Hazitoshi kwa mtikisiko unaojijenga polepole. Tarehe 16 Januari 2025, katika safari ya saba, chombo cha juu kilitikisika kwa nguvu mara kadhaa kuliko kilivyowahi kutikisika ardhini. Mabomba yakavuja, moto ukaanza nyuma ya tangi la oksijeni, injini zikazima. Kabla ya safari ya nane chombo namba 34 kiliwashwa kwa sekunde 60 kwa viwango tofauti vya msukumo na mabomba yenye mipangilio tofauti. Lilikuwa jaribio zuri, na tunalipendekeza kwa kila muundo mpya. Hata hivyo tarehe 6 Machi 2025 chombo hicho nacho kilipotea karibu dakika ileile, kwa sababu nyingine: injini moja ya kati iliharibika. Swali la mtikisiko lilikuwa limejibiwa. La injini lilikuwa bado kwenye safu ya kulia.

Baada ya kuwasha, ingiza kamera nyembamba ndani ya kila injini, zungusha pampu kwa mkono usikilize ukinzani, na linganisha takwimu za kila injini na zile za McGregor. Injini iliyowaka vizuri lakini imebadilika tabia ibadilishwe.

Vigae

Kwa kifupi, kwa sababu kazi hii ni ya uvumilivu kuliko ya ujuzi. Chombo cha juu kina takriban vigae 18,000 vyeusi vya pembe sita upande unaokutana na joto. Gonga kila kimoja, sikiliza kama kimelegea, pima nafasi kati yake na jirani. Nafasi iliyobana sana ni mbaya kama iliyopanuka: chuma kikinywea kwa baridi vigae husukumana na kuvunjana kingo. Kagua tena baada ya kuwasha injini, maana mtikisiko huvitoa. Angalia zaidi kwenye bawaba za mabawa. Katika safari ya nne, 6 Juni 2024, joto lilipenya hapo na kula bawa, ingawa chombo kilifika baharini na kutua kikiwa bado kinajiongoza.

Zoezi la kujaza

Roketi ikishapandanishwa, jaza kila kitu kama siku ya safari na uhesabu kurudi nyuma mpaka sekunde chache kabla ya kuwasha, kisha simamisha na umwage. Ujazaji wote huchukua chini ya saa moja, yaani wastani unaozidi tani 75 kwa dakika. Sababu ya haraka ni kwamba vimiminika vimepozwa chini ya nyuzi zao za kuchemka ili viingie vingi zaidi. Vikikaa vinapata joto, vinapanuka, na pampu huanza kupata mapovu. Kwa hiyo kusubiri kuna kikomo. Kiandike kwa dakika kabla ya siku yenyewe.

Ukifuatilia kwa picha, tazama barafu nyeupe kwenye ukuta: inapanda pamoja na kimiminika. Ikisimama upande mmoja na kuendelea mwingine, kuna vali imekwama.

Vali kukwama ni jambo la kawaida sana. Tarehe 17 Aprili 2023 safari ya kwanza iliahirishwa baada ya vali ya presha kuonekana imeganda, na timu ikaendelea kuhesabu ili siku igeuke kuwa zoezi. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kutumia siku iliyoharibika. Tarehe 24 Agosti 2025 tatizo lilikuwa kwenye mitambo ya ardhini, siku iliyofuata likawa mawingu, na safari ya kumi ikafanyika tarehe 26. Mitambo ya ardhini ihesabiwe kama sehemu ya roketi: pampu zake, vali zake na vihisi vyake viwe na daftari la majaribio kama la injini.

Siku za mwisho

Baruti za kuilipua roketi ikipotea njia hufungwa mwishoni, karibu na siku ya safari, na kuanzia hapo watu wanaoruhusiwa kukaribia ni wachache. Usiridhike kwamba baruti inalipuka. Hakikisha tangi linavunjika. Katika safari ya kwanza amri ilitolewa, baruti ikalipuka, lakini roketi ikachukua takriban sekunde 40 kabla ya kusambaratika. Mfumo ukaboreshwa na kujaribiwa upya kabla ya leseni mpya ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani.

Kisha andaa orodha ya masharti ya kuruka na masharti ya kurudi, kila moja peke yake. Roketi inaweza kuwa nzima huku mnara wa kuidakia ukiwa mbovu. Tarehe 13 Oktoba 2024 mikono ya mnara iliidaka Super Heavy kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Novemba, vihisi vya mnara viliharibika wakati wa kuondoka, na roketi ikaelekezwa baharini. Uamuzi ulifanywa na sharti lililoandikwa kabla: bila kibali cha kurudi, roketi inakwenda majini yenyewe. Kimya kimaanishe hapana.

Ikirudi

Mwaga kilichobaki, toa presha, pitisha nitrojeni, ndipo watu wasogee. Kisha kagua kuanzia chini: ngao ya joto inayozunguka injini, midomo ya injini iliyokunjwa na joto, mishono ya kuba ya chini, na pini mbili ambazo roketi huning'inia kwazo kwenye mikono ya mnara. Badilisha vilivyotengenezwa kutumika mara moja, kama ngao inayojichoma, uviache vingine ili ujifunze vinavyozeeka. Booster 14 iliruka Januari 2025 ikarudi kazini tarehe 27 Mei, ikiwa na injini 29 kati ya 33 zilizokwisha kuruka.

Kabla ya kuirusha tena, iwashe tena ikiwa imebanwa, hata kama hujagusa injini. Ukibadilisha injini baada ya hapo, zungusha pampu yake upya, pima uvujaji kwenye viungo vyote ulivyofungua, na uiweke injini hiyo kwenye safu ya kulia mpaka iwake.